Mistari Kumi na Mmoja ya Upande wa Pili

Katika idara ya nyaraka alikotumikia miaka ishirini na sita, hakuna aliyemwita kwa jina alilopewa na wazazi wake. Aliitwa Vidole, na waliomheshimu kwa umri walimwita Bi Vidole. Kazi yake ilikuwa kuandika kwa kompyuta maneno ya watu waliohojiwa na watafiti wa idara. Aliweka kanda kwenye redio, akavaa hedifoni, na yale yaliyosemwa yakatokea kwenye kioo yakiwa na nukta na vituo vyake.

Kazi hiyo alijifunza enzi za taipureta, katika darasa ambalo mwalimu alifunika mikono ya wanafunzi kwa kitambaa ili wasitazame vitufe. Mwalimu huyo aliwafundisha na jambo la pili: mpiga chapa hodari hasikilizi. Anayesikiliza huhuzunika, na anayehuzunika hukosea. Maneno yaingie sikioni yatokee vidoleni, moyoni yasipite. Vidole alilishika somo hilo kuliko wenzake wote. “Nimeandika vifo vya watu mia,” aliniambia, “na saa ya chakula ilipofika nikala.”

Mama yake mzazi alikuwa miongoni mwa waliohojiwa. Alifanya kazi katika kiwanda cha nyuzi tangu usichana, na mtafiti mmoja alikuwa akikusanya habari za wanawake wa kiwanda hicho, jumla yao sitini na wanne. Vidole na dada yake mkubwa walikuwa wamekua na swali moja ndani ya nyumba. Baba yao alitoka asubuhi moja kwenda kazini, Vidole akiwa na miaka sita. Hakurudi, wala hakuna aliyesema kwamba amekufa. Kila walipouliza, mama alijibu kuwa maji yakimwagika hayazoleki, akaendelea kukunja nguo.

Siku ya mahojiano, mtafiti alimwambia Vidole mlangoni kwamba mama yake ameeleza mengi, hata habari za mumewe. Mabinti wakamkalia mama, mmoja kulia na mwingine kushoto, lakini mzee hakutikisika.

“Nimeshayasema kule kwenye mashine,” alisema. “Sisemi mara mbili. Si wewe unayeandika? Utayakuta hukohuko.”

Kanda hazikutolewa ovyo. Kila moja ilisubiri zamu yake kabatini, na foleni ilikuwa ya miaka miwili. Mama alifariki katikati ya foleni.

Asubuhi ya zamu yenyewe, dada mkubwa, mshonaji mwenye ulimi mkali kuliko sindano zake, alimsindikiza mdogo wake hadi kizingitini akamwambia asirudi mikono mitupu, maana baba yao yumo humo. Upande wa kwanza wa kanda ulikuwa wa kiwanda: kelele, vumbi la pamba, msimamizi aliyewapimia muda wa kwenda chooni. Zikatoka kurasa kumi na tisa. Baada ya chakula cha mchana Vidole akaugeuza upande wa pili, na hapo mazoea yakamsaliti. Alikuwa amepanga kuandika kwanza, kama anavyomwandika mtu yeyote, kisha asome taratibu, kwa kuwa machozi na vitufe havipatani. Sauti ya mama yake ikapita dakika arobaini na tano. Vidole vyake vikaifuata, naye hakushika hata neno.

Idara ilikuwa na kanuni zake. Kompyuta zote zilihifadhi kazi kwenye mashine moja chakavu chumbani kwa msimamizi wa idara, na kwa kuwa ilikuwa ikilemewa, iliamriwa kuhifadhi mara moja tu, upande wa kanda ukiisha. Programu ikiganda, usiguse kitu, subiri. Na kanda iliyokwisha kuandikwa iwekwe kwenye sinia, kwani saa tisa mtunza stoo hupita kuzikusanya, akazifuta kwa sumaku na kuwarudishia watafiti. Maandishi ndiyo kumbukumbu, walifundishwa; sauti ni chombo cha kubebea tu.

Neno la mwisho lilipokwisha, mkono wa Vidole uliichomoa kanda na kuiweka kwenye sinia, rafuni nyuma ya kiti chake, bila yeye kugeuka. Hivyo ndivyo mkono huo ulivyofanya kila siku. Kisha akabonyeza pa kuhifadhi. Kishale kikageuka saa ya mchanga, kioo kikaganda. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini.

Hakushtuka. Kuganda kulikuwa jambo la kila wiki. Akasubiri, na katika kusubiri akaanza kuisoma mistari kumi na mmoja ya mwisho iliyobaki mbele yake. Baada ya habari ya mtafiti kushukuriwa kwa soda, mama yake alisema hivi:

“Hivyo ndivyo alivyoondoka, na ndiyo sababu sikumfuata. Wanangu sikuwaambia. Wao waliniuliza kwa hasira, kama polisi. Wewe umeniuliza kwa upole. Mdogo anafanya kazi hapahapa. Ana vidole vyepesi. Haya ataandika yeye, na akiandika atasikia.”

Akachukua penseli akainakili. Kurasa za juu zilikuwa hapo, nyuma ya kioo, lakini kioo kilichoganda hakikukubali kuzirudia. Saa tisa mtunza stoo aliingia, na kwa mzaha wa ofisini akauliza kama mashine imekwenda msalani. Vidole akajibu kwamba imekwenda, macho yake yakiwa kwenye ile mistari.

Saa tisa na nusu akaja fundi wa kompyuta. Akagonga vitufe viwili vitatu, akasema izimwe. Vidole akamsihi aiache hadi kesho.

“Mama, hii imeshakufa,” fundi alisema. “Unachokiona ni picha tu.”

“Basi niachie picha.”

Fundi akacheka kwa huruma. Wenzake wote wamekwama kwa ajili ya mashine hii moja, alieleza. Na kwani kanda si anayo? Ataandika upya. Hapo ndipo Vidole alipogeuka. Sinia lilikuwa tupu. Alishuka ngazi hadi stoo mbio, akakuta kanda zimepangwa safi, lebo zimebanduliwa. Ya kwake ilikuwa ya juu kabisa, mtunza stoo alisema, kwa hiyo ndiyo iliyotangulia kufutwa. Aliporudi juu, kioo kilikuwa cheusi.

Msimamizi aliandika taarifa: hakuna hasara ya vifaa. Mtafiti alipoulizwa alikuna kichwa. Alimkumbuka mama yule, alizungumza vizuri sana, lakini wengi wa wale sitini na wanne walikuwa na waume walioondoka. “Yule aliyeondoka na mke wa seremala,” alimwuliza Vidole, “alikuwa wa kwenu, au wa mwingine?”

Dada mkubwa alisomewa mistari yote, akauliza, “Kisha?” Kisha hapakuwa na kitu. Alikata uzi kwa meno kabla ya kusema tena.

“Mama amekusemea sikioni dakika arobaini na tano. Baba alipotea mara moja. Ya pili umempoteza wewe.”

Miezi saba baadaye kanda ileile ilirudi mezani kwa Vidole. Aliitambua kwa pembe yake iliyovunjika. Ndani yake alikuwamo mwashi mzee akieleza jinsi ya kujenga ngazi. Kila mwashi aliponyamaza, Vidole aliongeza sauti hadi mwisho, akiwinda chochote kilichosalia chini yake. Nilimwuliza kama alisikia kitu. Alisema alisikia pumzi.

“Za nani?”

“Za mwashi.”

Kurasa za mwashi zipo idarani hadi leo. Zina makosa kumi na manne, ya kwanza katika utumishi wote wa Vidole, na jalada lake lina barua ya onyo kwa ajili ya hayo.