Msalaba wa Thirza Yandle

Kanisa la Withycott lilikuwa dogo kiasi kwamba ukipiga chafya mlangoni, kasisi alikuombea afya kutoka madhabahuni. Harusi zilikuwa mbili kwa mwaka, tena mwaka mzuri, na daftari la ndoa lilikaa miaka hamsini bila kujaa. Humo, ukurasa wa tisa, Thirza Yandle alikuwa amepiga msalaba mahali pa kuandika jina, kama wafanyavyo wasiojua kuandika. Msalaba huo ndio uliotaka kumtoa nyumbani kwake akiwa na miaka sitini na miwili.

Mumewe Reuben, fundi wa kuezeka mapaa, alifariki mwezi wa Februari. Desturi ya eneo lile ilikuwa wazi: mjane wa ndoa halali alibaki katika nyumba ya mumewe mpaka naye afe, na asiye wa ndoa alifungasha virago. Thirza akamwandikia barua Bwana Crocombe, msimamizi wa mwenye ardhi, kumjulisha kwamba yeye anabaki. Aliiandika kwa mkono wake, kwa mwandiko aliofundishwa na mke wa kasisi wa zamani, siku za usichana wake alipokuwa akiwafulia. Laiti angeiandika vibaya, yasingemkuta yaliyomkuta.

Crocombe alikuwa na mpwa aliyeimezea mate nyumba ile, na kisima chake, na mitofaa yake kumi na minne. Alikwenda kanisani, akafunua daftari, akauona msalaba, akarudi zake amejaa furaha.

Baraza la kuamua kesi za nyumba na ardhi lilikaa mwezi wa Mei katika chumba kikubwa cha nyumba ya wageni. Wapangaji kumi na wawili, ndio wazee wa baraza, walibanana kwenye mabenchi, kila mmoja na kikombe chake cha pombe ya matofaa, na mkubwa wao alikuwa Jabez Stuckey, mhunzi. Wanawake walisimama mlangoni wakifuma soksi, maana hakuna aliyewahi kuwapa kiti. Crocombe aliweka barua na daftari mezani, bega kwa bega.

“Aliyeandika barua hii anajua kalamu kuliko karani wangu,” alisema. “Aliyepiga msalaba huu hajui kitu. Hawa ni wanawake wawili. Reuben alimwoa yule wa msalaba, na huyu mama alikuja baadaye tu, akajiita kwa jina lake.”

Wazee wakatazamana. Kasisi aliyefungisha ndoa ile alikwishazikwa, na mashahidi wake wawili vilevile. Kijiji kizima kilijua kwamba Thirza na Reuben waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, ila hapakuwa na mtu hai aliyewaona mbele ya madhabahu.

Thirza aliinuka. Ukweli aliujua, lakini hakuwahi kuutamka mbele ya watu, na aliona haya kwa niaba ya marehemu. Alisema asubuhi ile kulikuwa na theluji, na Amos, kaka yake Reuben, alikuwa shahidi. Reuben alipopewa kalamu alichora msalaba uliopinda, masikio yakamwiva kwa aibu. Amos, aliyejua kuandika jina lake na kulitangaza kila sokoni, alikuwa nyuma yake akicheka chinichini.

“Kisha nikapewa mimi,” Thirza alisema. “Ningeandika jina langu, Amos angemcheka mpaka kaburini. Nikapiga msalaba. Sikujuta siku ile, na leo sijuti.”

Reuben aligundua majira ya baridi yaleyale, alipomkuta mkewe jikoni akisoma Zaburi. Alivuta kigoda akamwambia aendelee, na tangu hapo kila Jumapili alisomewa. Kuandika hakujifunza, alisema vidole vyake vimekwishazoea nyasi.

Crocombe alicheka. “Hadithi tamu. Nani amewahi kusikia mwanamke mwenye kujua kuandika akijifanya hajui?”

Mlangoni, Charity Stuckey, mke wa Jabez, alichomeka sindano zake kwenye donge la uzi, akapenya katikati ya wanaume mpaka mezani. Alifunua daftari kurasa sita mbele, akaweka kidole juu ya msalaba mwingine. Kisha akachukua kalamu ya karani na, nyuma ya barua ya Thirza, akaandika jina lake, taratibu, bila kukosea herufi.

Jabez alikodoa macho. “Tangu lini wewe?”

“Kabla sijakujua, mume wangu.”

“Na barua za ndugu yangu ninazompelekea kasisi anisomee?”

“Ulikuwa ukifurahia matembezi.”

Kicheko kilikuwa bado hakijatulia alipofika mke wa msaga unga, na nyuma yake mjane mwenye duka la mishumaa. Kila mmoja alionyesha msalaba wake, kila mmoja akaandika jina lake. Benchini wanaume wawili watatu walianza kuwatazama wake zao waliobaki mlangoni, nao wake zao wakazidi kutazama soksi.

Jabez aliikamata meza kwa mikono yake miwili mikubwa. Uso ulikuwa mwekundu, lakini sauti ilikuwa imara. “Bwana Crocombe, kwa hesabu yako mimi nimeishi na hawara miaka thelathini. Na msaga unga naye. Utatuambia hivyo hapa, mbele yao?”

Crocombe aliwatazama wale wanawake, akakunja karatasi zake. Wazee hawakutoka hata nje kushauriana. Wote kumi na wawili walisema mke ni mke, na nyumba ni ya mjane.

Thirza alilia waziwazi, hakujificha, na Charity alimshika kiuno. Karani alimsogezea Thirza kitabu cha baraza atie sahihi. Kwa mazoea alikuwa amemwachia nafasi ndogo tu, ya kutosha msalaba. Thirza aliipita nafasi ile. Aliandika kwa herufi kubwa mpaka ukingoni mwa ukurasa: Thirza Yandle, mjane wa Reuben Yandle. Kisha akalitazama jina la mumewe likikauka, mara ya kwanza kuandikwa kitabuni na mkono wa mtu wa nyumba yao, wala halikupinda.