Sili ya Kwanza na Kazi ya Mjomba

Miaka ile ya neema ya sukari, kwetu miwa ilipandwa mpaka mlangoni. Kuna jirani ambaye naamini aliilaza miwa kitandani, mkewe akalala sakafuni. Kiwanda kilisaga bila kupumua, na mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyeniombea kibarua humo.

Yeye alitunza pampu za juisi ya miwa. Pale shafti, chuma kile kinachozunguka, inapochomoza kwenye pampu, juisi nayo hutaka kutoka, kwa hiyo aliizungushia shafti kamba zenye grisi na kuzikaza kwa spana. Akikaza mno, kamba inaungua. Akilegeza, sakafu inakuwa bwawa. Alishinda akizunguka pampu moja baada ya nyingine, akihakikisha kila moja inadondosha kidogo tu.

Mimi nikasoma shule ya jioni, nikapata cheti cha ufundi nilichokitembeza soko zima kama ng'ombe wa mahari. Ndipo zikaja sili: pete mbili zinazong'aa kuliko vioo vya kinyozi, moja imetulia, nyingine inazunguka na shafti, springi inazibana zisiachane. Hazitaki kamba wala mtu wa kukaza.

Msimamizi akanipa ya kwanza niifunge, akaniambia mbele ya wote, "Hii ikikaa wiki bila kuvuja, tunabadilisha zote. Watu wa kamba wataenda uani kupakua miwa."

Mjomba alikuwa papo hapo. Ndiye aliyenishikia tochi.

Chembe moja ya mchanga kwenye zile pete ingetosha kuiharibu. Nililijua hilo. Lakini nilinawa mikono kama daktari wa upasuaji.

"Mpwa wangu, mbona spana imesimama? Hukula obusuma asubuhi?"

"Nilikula ugali kwako, mjomba."

"Basi kaza."

Haikuvuja hata tone. Watu walipiga makofi, nadhani mpaka Likuyani yalisikika. Nikacheka nao, kwa midomo tu. Wiki ilipoisha mjomba akapelekwa uani, na umri wake ule. Hakuninunia. Afadhali angenitukana.

Jumapili, baada ya kanisa, akaniita kwake tukale kuku. Kwetu firigisi ni ya mwenye nyumba, mgeni haigusi hata awe askofu. Mjomba akaichukua, akaiweka kwenye sahani yangu.

"Kula, fundi."

"Mjomba, hii ni yako."

"Nimechoka kutafuna. Miwa ya uani imenimaliza meno, na hata siionji."

Watoto wakaangua kicheko. Viganja vyake vilikuwa vimechanika, na tonge la ugali alilishika kwa ncha za vidole. Nikatafuna ile firigisi. Ilikuwa ngumu kama tairi la trekta.

Mkewe hakucheka. Alingoja nimeze, akaniuliza taratibu, "Hizo sili zenu, huwa zinachakaa?"

"Zinachakaa, mama."

"Baada ya muda gani?"

Nikamwambia sijui. Nilijua kwamba ni miaka.