Gari la Baba Lililovuta Kushoto

Baba alipostaafu kazi ya reli, kaka yake alimwachia gari. Lilikuwa limeegeshwa uani miaka mingi bila kuendeshwa, rangi imechujuka, lakini Baba alilipokea kama bibi harusi. Alilipangusa asubuhi, akalifunika jioni, na kulisemesha kwa sauti laini ambayo sisi watoto wake hatukuwahi kuisikia. Mama aliyatazama hayo akiwa mlangoni mwa nyumba yetu ya Kaloleni, akaniambia heri mke mwenza huyu, maana hali ugali.

Jumapili ya kwanza nilitoka kwangu mtaa wa Pipeline ili twende kanisani pamoja. Tulipoingia Jogoo Road tu, nikamwona Baba amekaza mabega, ameung'ang'ania usukani kama mtu anayemvuta ng'ombe asiyetaka kuvuka mto. Akilegeza mkono kidogo, gari linaelekea kushoto, mtaroni. Tulipofika alimtazama Mama, aliyeketi mbele upande huo wa kushoto, akasema kwa upole wa daktari kwamba huenda uzito umeelemea upande mmoja.

Mama aliingia kanisani akaimba kwa sauti kubwa kuliko siku zote.

Wakati wa kurudi, alifungua mlango wa nyuma, akaketi nyuma ya dereva na kunivuta nikae karibu naye. Kiti cha mbele kikabaki kitupu.

"Sasa uzito wote uko kulia," alisema. "Endesha."

Gari likavuta kushoto vilevile.

Baba hakukata tamaa. Akatueleza kwamba barabara hujengwa zikiinama kidogo kandoni ili maji ya mvua yateremke, na gari hufuata mwinamo huo. Hilo ni kweli, na alilieleza vizuri. Kwa hiyo Jumamosi akatupeleka kwenye kiwanja karibu na ukumbi wa mtaa, akalaza chupa ya maji chini kuhakikisha haibingiriki, kisha akaendesha polepole na kuachia usukani. Gari likapinda kushoto taratibu, kwa adabu, likaenda hadi kwenye kamba ya nguo ya jirani. Baba alipofunga breki, shuka lilikuwa limeshatanda juu ya kioo. Mwenye shuka akatoka nje, akatutazama, akamuuliza Baba kama angependa na mto.

Baba akageukia tairi. Alizijaza upepo sawasawa, gari likavuta. Akabadilishana zile mbili za mbele, ya kulia ikaenda kushoto na ya kushoto kulia, akisema kwamba kama kosa ni la tairi, sasa gari litavuta kulia. Halikuvuta kulia. Tukalipeleka gereji moja Makadara, wakayanyoosha magurudumu kwa mashine, na fundi akatuhakikishia kwamba sasa litakwenda kama mshale. Kweli lilikwenda kama mshale, ila uliolengwa kushoto.

Njiani Mama alisema kuna kitu kinaungua. Baba akasema ni wachoma mahindi. Mama akasema mahindi hayanuki hivyo. Tulipofika nyumbani alishuka, akainama, akakisogeza kiganja karibu na gurudumu la mbele la kulia, jinsi anavyopima kikaangio kabla ya kuweka chapati ya kwanza. Akazunguka upande wa kushoto, akafanya vivyo hivyo, akaurudisha mkono haraka.

"Hili la kulia lina joto la kawaida," alisema. "Hili lingine liko tayari kwa chapati."

Baba, kama waume wengi, hakuweza kuamini mpaka aungue mwenyewe. Alipomaliza kupuliza vidole, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Breki imeshika," alisema. "Haiachii."

Kesho yake fundi aliinua gari kwa jeki. Gurudumu la kulia alilizungusha kwa mkono likazunguka bila shida. La kushoto lilikataa kabisa. Pistoni inayosukuma breki ilikuwa imeota kutu miaka ile gari lilipokaa uani, kwa hiyo hata Baba alipoinua mguu, breki iliendelea kulibana gurudumu lile. Upande mmoja ukizuiwa na mwingine ukienda, gari halina budi kupinda kule kunakozuiwa. Fundi akabadilisha kilichoharibika, akasafisha vilivyobaki.

Baba akamwomba Mama aketi mbele tukajaribu. Tulikwenda Jogoo Road yote, usukani umetulia mikononi mwake.

"Mama watoto," akasema hatimaye, macho yakiwa barabarani. "Haikuwa wewe."

"Najua," Mama alisema. "Nilikuwepo."

Siku za mwanzo Baba aliwasimulia majirani jinsi Mama alivyogundua ile breki. Baadaye ikawa "tuligundua." Kufikia Krismasi ilikuwa "niligundua," na Mama alimwacha, akiendelea kukaanga vitumbua vyake. Sifa zikaenea, hata mzee mmoja wa mtaa akaleta pikapu yake iliyokuwa ikigonga kila inapokata kona. Baba aliizunguka mikono ikiwa nyuma, akapiga tairi teke, akatikisa kichwa kwa busara nyingi. Halafu akaja hadi dirisha la jikoni, akateremsha sauti.

"Mama watoto," alisema, "hebu njoo kidogo usikilize kitu."