Kinyala, Hospitali Inaita

Siku yangu ya kwanza kazini, Fundi Mkuu wa kiwanda cha chai alinikalisha kwenye kiti kibovu mbele ya redio, akanionyesha kitufe cha kipaza sauti. "Ukibonyeza unasema, ukiachia unasikia," akasema. "Wengi hapa wanajua kubonyeza tu." Nikacheka, yeye hakucheka. Kazi yangu, ya opareta wa redio, ilikuwa kuita vituo vya kupimia majani huko mashambani, ili malori yajue pa kuanzia kabla chai haijapata joto na kuharibika. Ninyi mliokua na simu mkononi nivumilieni. Kwenye redio ile mkisema wawili kwa pamoja hakuna anayesikika, kwa hiyo tulijifunza kwanza kunyamaza, na kumalizia kauli kwa "ovaa", yaani zamu yako.

Baadaye nilihamia hospitali, chini ya Mganga Mkuu, mtu wa mbali asiyejua mila za Wanyakyusa na wala asiyetaka kuzijua. Kila asubuhi niliita zahanati za milimani, nazo zikajibu kwa utaratibu: wagonjwa wangapi wa kufuatwa na gari, mwanaume au mwanamke, umri, kinachomsumbua. Jina la mgonjwa halikutajwa, maana vituo vyote vilikuwa vinasikiliza. Zahanati ya Kinyala ilikuwa na tabibu mmoja mwenye sauti nzito asiyepoteza neno. Nikaja kuolewa na mwanawe.

Hapo ndipo mambo yakawa mambo. Kwetu mke wa mtoto na baba mkwe hawaonani uso kwa uso, hawazungumzi, wala jina la mzee halitoki kinywani mwa mwanamke. Mwiko huo tunauita ukutila. Vijana wengi wameshauacha, ila mimi niliolewa kwa watu walioushika barabara. Asubuhi ya kwanza baada ya harusi niliita zahanati zote, Kinyala nikairuka.

"Mbona Kinyala hukuiita?" Mganga Mkuu akauliza.

"Yule ni baba mkwe, daktari."

"Pale hakuna baba mkwe, pana zahanati. Mama mjamzito akifia njiani, utawaambia ndugu zake ulikuwa unaona haya?"

Nikabonyeza. "Kinyala, Kinyala, Hospitali inaita, ovaa." Nikaita tena. Kisha sauti nzito ikaja taratibu: "Hospitali, Kinyala inakupata. Wagonjwa wawili." Tangu siku hiyo yeye alikuwa Kinyala na mimi nilikuwa Hospitali, na mwiko haukuguswa. Nikimwona kwa mbali barabarani nilijitupa kwenye migomba kama kawaida.

Simu zikaja, redio ya hospitali ikang'olewa, mzee akastaafu, nami kwa wakati wangu nikastaafu. Mume wangu, Baba Atupele, alijaribu siku moja kunipa simu niongee naye. Mzee akakataa. "Simu ni watu wawili wamejifungia chumbani," alimwambia. "Redio ni barazani, kila mtu anasikia." Nilimwelewa kabisa, maana hata mimi nisingeweza.

Mama mkwe alipofariki, mzee alibaki peke yake Kinyala, akaanza kukonda. Wanawe wakimuuliza, jibu lilikuwa moja tu, sijambo. Kueleza maumivu ya mwili wake mbele ya watoto aliowazaa aliona fedheha. Lakini mimi nilijua mahali pamoja ambapo mzee yule hakuwahi kuficha ugonjwa wa mtu. Niliogopa atakufa nao moyoni, na mimi ndimi niliyezoea kitufe.

Basi nikaamua kujenga kituo cha redio nyumbani kwetu Nkunga, na kingine kwa mzee Kinyala. Ipo leseni ya redio ya ridhaa, ya watu wanaowasiliana kwa kupenda tu bila biashara. Mzee alipopelekewa habari, alikubali haraka mno hadi wanawe wakashangaa. Mimi na mzee tulifanya mtihani wa leseni siku moja. Afisa akatuweka vyumba viwili, nikamshukuru bila kumweleza kwa nini.

Watu hudhani lazima mnara mrefu. Kwa vilima vyetu, sivyo. Waya ukiutandaza chini chini, mawimbi hupanda juu angani kisha hushuka bondeni hata nyuma ya mlima. Urefu wake hukatwa kufuatana na masafa utakayotumia. Umeme nilichukua kwenye betri ya gari inayochajiwa na sola, na kwa ajili ya radi nikazamisha fimbo ya shaba ardhini. Ila ncha moja ya waya niliifunga kwenye mgomba. Mimi, mzaliwa wa Rungwe, nchi ya migomba! Mkungu ulipokomaa, Baba Atupele akaukata mgomba kama tufanyavyo siku zote, na kituo kizima kikalala chini.

"Ndizi hizi zina umeme?" akaniuliza, panga mkononi.

Nikahamia kwenye mianzi. Kule Kinyala waya alifunga Baba Atupele, mimi nimejificha nyuma ya jiko nampigia kelele za maelekezo, mzee katulia ndani.

Majirani huniuliza mstaafu anatafuta nini kwenye nyaya. Nami huwajibu kwamba kustaafu ni kurudisha funguo za ofisi tu. Sikio hakuna anayekudai ulirudishe.

Asubuhi za mwanzo mzee alinipa habari za mvua na ndizi, nami nikapokea bila kuuliza. Kisha asubuhi moja nikaita kama kawaida.

"Hospitali, Kinyala inakupata. Mgonjwa mmoja." Ovaa haikuja. Sikugusa kitufe, nikasubiri. "Mwanaume. Mzee. Anakojoa damu tangu msimu wa mahindi. Hajamwambia mtu. Ovaa."

Machozi yalinitoka hapo hapo. Lakini sauti nikaishika, maana ndivyo nilivyofundishwa. "Kinyala, nimekupata. Mgonjwa mmoja, mwanaume, mzee. Gari linakuja sasa hivi. Ovaa." Baba Atupele, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai, alikiweka chini akatoka mbio kuwasha gari.

Redio ikakwaruza tena.

"Hospitali, mgonjwa anauliza. Opareta yule wa zamani bado yupo kazini? Ovaa."

Nikabonyeza.

"Yupo, Kinyala. Hajaondoka. Ovaa."