Nilinunua mountain bike ya shokapu mbili, nikabaki peke yangu Chiungutwa

Wakuu, habari za humu. Nimesoma uzi wa yule kijana anayeuliza anunue mountain bike gani, na watu wanamjibu mambo ya gia tu. Nami naleta yangu. Yalinikuta mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Mwishoni mwa miaka ya tisini, soko huria limekolea, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi Chiungutwa, kijiji cha wilaya ya Masasi. Sina mke, naishi na mama. Dada yangu Tekla kaolewa Newala, kwa hiyo mama kila mtu alimwita Mama Tekla.

Tulikuwa na baiskeli nyeusi ya Kichina, nzito balaa. Jumapili nampakia mama kwenye keria, kakunja kanga anaikalia, huyoo kanisani. Presha ikipanda ni hiyo hiyo mpaka hospitali ya Mkomaindo, Masasi mjini. Njiani anaongea mwanzo mwisho: korosho za nani zimeliwa na moto, nani kagombana na mkewe. Mimi napiga pedeli na kuitikia, "Eeh, mama."

Msimu mmoja korosho zetu zikakubali, nikaenda Masasi. Dukani nikaiona. Nyekundu, gia ishirini na moja, shokapu mbele na nyuma. Akili ikahama kabisa!

Ile nyeusi nikaiuza siku hiyo hiyo, hapo hapo mjini. Kwenye mitumba nikapata na helmeti. Hapo walau nilitumia kichwa: nilikagua ndani kama ina ufa, nikafunga mikanda, nikatikisa kichwa, haikucheza.

Kijijini wakanicheka wee. "Mwalimu, kichwani umeficha mayai?" Sikujali.

Mama aliizunguka ile baiskeli, akauliza, "Sasa mimi nitakaa wapi?"

Nikamwambia keria tunafunga kesho.

Kesho yake fundi kainama, kachungulia, kainuka anatikisa kichwa. "Mwalimu, huku nyuma fremu inacheza kwa sababu ya shokapu. Nikifunga keria, ukimpakia Mama Tekla anakwenda chini."

Nilitakiwa nitafute nyeusi nyingine haraka. Sikutafuta. Ujinga na jeuri tu wakuu, nilikuwa naona raha kutazamwa.

Mama akaanza kwenda kanisani kwa miguu. Anafika ibada imefika katikati. Magoti yakamshinda, akaacha.

Siku presha ilipompanda, jirani yetu Baba Hamisi ndiye aliyempakia kwenye baiskeli yake mpaka Mkomaindo. Mimi mtoto wake nafuata nyuma na gia zangu ishirini na moja. Aibu ile sijaisahau mpaka leo.

Alipopata nafuu Tekla akaja kumchukua. Mama hakunilaumu. Alisema tu, "Kwa Tekla kanisa lipo jirani."

Baada ya miezi miwili nikaenda Newala kumsalimia. Kurudi, kwenye ule mteremko mkali wa kushuka kutoka Newala, maana mji uko juu mlimani, waya wa breki ukakatika. Nilipaa, kichwa kikatua kwenye jiwe. Helmeti ikapasuka, kichwa kizima. Bila ile helmeti nisingekuwa hapa naandika.

Nikajikokota mpaka nyumbani, magoti yanatoka damu. Nikafungua mlango nikaita, "Mama!" Mazoea tu. Nyumba kimya.

Nilikaa chini nikalia, mtu mzima mimi. Umeponea chupuchupu, halafu hakuna hata wa kukwambia pole.

Nikanunua nyeusi nyingine, nikafungisha keria pana yenye sponji, nikapanda nayo Newala kumfuata. Mama akaibonyeza ile sponji, akatabasamu. "Nzuri, mwanangu. Ila huku nimeshazoea."

Hakuwa na kinyongo. Hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikaa kwa Tekla mpaka Mungu alipomchukua.

Kwa hiyo kijana, helmeti vaa, wacheke watakavyo, na ikishapigwa mara moja tupa. Breki kagua na waya zake, usihadaike na wingi wa gia. Shokapu ya nyuma ni tamu, lakini kabla hujalipa jiulize nani anakutegemea umpakie. Ukishajua, mchukue mwende naye dukani akaikalie mwenyewe.

Mliowahi kukosea kama mimi, andikeni hapa chini, hata kama ni kirefu. Nitasoma zote na kila mtu nitamjibu. Jioni huku huwa sina wa kuongea naye.