Mlango Wazi wa Bi Odessa

Pale Charleston, Marekani, mlango wa baraza unaotazama barabara ukiachwa wazi, maana yake ni moja: karibu, wenyewe wapo. Bi Odessa Gadsden alikuwa akiuacha wazi kila Jumamosi tangu azikwe mumewe, Cephus. Yeye mwenyewe alipitia mlango wa nyuma. Alioka biskuti za ufuta, akaandaa chai baridi yenye sukari, kisha akaketi barazani kwenye ubao mrefu unaonesanesa, akingoja mtu avuke kizingiti. Hakuna aliyevuka. Jioni biskuti zililiwa na ndege.

Si kwamba watu hawakuwapo. Tavares, kijana anayetembeza wageni mjini bure na kuishi kwa bakshishi, hakukosa kuleta kundi la watalii na kulisimamisha ng'ambo ya barabara. Bi Odessa aliona midomo ya kijana ikicheza tu, maana masikio yake yalikuwa mazito. Watalii walipiga picha, wakaenda zao.

Jumamosi moja alivaa kofia yake ya kanisani, akatoka kwa nyuma, akajipenyeza katikati ya kundi.

"Mnauona ule mlango?" Tavares alikuwa akisema. "Mjane wa nyumba ile alikufa akimngoja mumewe. Mpaka leo mlango hujifungua wenyewe. Ukiingia unaletewa chai. Ukiinywa, hutoki."

Watu wakaguna, wakarudi nyuma kidogo.

"Na biskuti zangu umezisahau?" Bi Odessa aliuliza.

Tavares aligeuka, uso ukamshuka. "Bi Odessa. Mimi nilidhani..."

"Kwamba nimekufa?"

"Kwamba husikii, bibi."

"Sisikii vizuri. Ndiyo sababu nimesogea."

Mtalii mmoja mnene akaangua kicheko. "Kumbe mmepanga. Huyu ndiye mzuka wenyewe." Kundi zima likapiga makofi, noti zikamiminika kwenye kofia ya Tavares.

"Sijapanga na mtu," Bi Odessa alisema. "Karibuni ndani. Chai ipo."

Wakacheka zaidi. Hakuna aliyeinua mguu.

Tavares alimwinamia sikioni. "Nisamehe, bibi. Lakini umewapendeza. Jumamosi ijayo uje tena, tugawane."

"Wewe je, huingii?"

"Kuna kundi lingine linaningoja."

Bi Odessa alivuka barabara polepole, simu zote zikimfuata, akaingia kwa mlango wa mbele. Alikuwa mtu wa kwanza kuupita tangu jeneza la Cephus litoke.

Hakuufunga.