Utepe Puani mwa Gari la Bogumil

Bogumil Kurek amebeba dawa za mionzi tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Huzichukua kiwandani, ndani ya msitu wa misonobari karibu na Otwock, akazipeleka hospitali huko Lublin. Dawa yenyewe haina subira. Hata ukiifungia kwenye kasha zito la madini ya risasi, nguvu zake hupungua nusu kabla misa ya harusi haijaisha, hasa padri akipenda kuhubiri. Ndiyo maana Bogumil hali chochote njiani, na kibofu chake amekitia adabu.

Asubuhi ile alikuwa na haraka yake mwenyewe. Dada yake, Genowefa, alikuwa Lublin akiingoja dawa hiyohiyo, apigwe picha ijulikane kama ule uvimbe aliotolewa umerudi. Tangu jana hajatia kitu kinywani.

Bogumil akapakia kasha, akafunga mlango, akazunguka mbele. Gari limeoshwa hadi linameta, na puani pake umekingamishwa utepe mweupe na mwekundu, ncha zake zimefungwa kwenye nguzo mbili za lango.

"Kulikoni? Mnaliozesha?"

"Usiguse, mzee!" mlinzi Zenon akaruka. "Huo wa waziri. Leo tunazindua mtambo mpya. Padri atabariki, waziri atakata, gari litoke bendi ikipiga. Dawa za uhakika kwa miaka thelathini!"

"Na za leo?"

"Za leo zisubiri hizo za miaka thelathini."

Waziri akachelewa. Bendi ya zimamoto ikapuliza mate nje ya matarumbeta yao. Bogumil akamwendea mkurugenzi, aliyekuwa akiisomea miti hotuba yake.

"Bwana Mkurugenzi, dawa inakufa garini."

"Bwana Bogumil, vumilia kidogo. Hapa tunazungumzia vizazi."

"Mie nazungumzia dada yangu."

"Mpe salamu zetu nyingi."

Akabaki padri, anajipashia mikono joto kwa pumzi.

"Padri, nibariki mie peke yangu niondoke."

Padri akachungulia barabara: tupu. Akachovya brashi kwenye ndoo, akakirushia kioo maji.

"Haya, limebarikiwa. Kukata utepe si kazi yangu. Ila kuupitia, sijasikia popote kwamba ni dhambi."

Bogumil akalitia gari moto, akaondoka. Utepe ukakatika. Bendi walikuwa wameambiwa wapige gari likianza kutembea, nao ni watu watiifu. Wakapiga kwa nguvu zote. Wafanyakazi wakashangilia. Mkurugenzi mwenyewe akajikuta anapiga makofi.

Kule Lublin muuguzi akaipima dawa, akatikisa kichwa.

"Imechoka, lakini inatosha. Mgonjwa atalala tu chini ya mashine muda mrefu zaidi."

Genowefa alitoka huko ameshika kiuno.

"We Bogumil! Mgongo umekuwa ubao. Ulipitia wapi, kilabuni?"

"Kwenye uzinduzi."

"Wa nini?"

"Wa dawa kutochelewa."

Jumapili, picha ikiwa imeshatoka safi, walikuwa nyumbani wakinywa supu ya shayiri mbele ya televisheni. Waziri akaonekana, anakata utepe mpya kwenye gari linalong'aa, kisha anamkabidhi dereva kasha. Bogumil akalitambua gari: la kupelekea mashuka kwa dobi.

"Na lile kasha," Genowefa akauliza, "lina nini ndani?"

"Halina kitu, dada. Lile hata waziri achelewe mpaka Pasaka, haliharibiki."

Genowefa akamwongezea supu.